Tabibu si kiraka cha daktari

Neno "daktari" lina maana mbili katika nchi hii. Maana ya kwanza ni ya sheria: mtu aliyehitimu udaktari katika chuo kikuu na kusajiliwa na baraza la madaktari. Maana ya pili ni ya raia: yeyote aketiye nyuma ya meza ya kituo cha afya, akakuuliza unaumwa wapi, akakupima na kukuandikia dawa. Aghalabu huyu wa pili si daktari kwa ile maana ya kwanza. Ni tabibu, ambaye katika stakabadhi za serikali huitwa afisa wa kliniki. Wako Wakenya wengi, hasa wa mashambani, ambao huugua na kupona miaka nenda miaka rudi bila kuonana na mwingine aliye juu yake.

Jambo linalonishughulisha leo ni hili. Mfumo wetu wa afya umebadilika mno tangu mwaka 2010, na takriban kila badiliko limemwongezea tabibu mzigo. Fikira zetu kumhusu, hata hivyo, zimesimama palepale. Tungali tunamwona kama kiraka kilichoshonwa penye tundu, ambacho kitabanduliwa siku madaktari watakapotosha. Nashikilia kwamba fikira hiyo ni potofu, na kwamba anayeumizwa nayo zaidi si tabibu bali mgonjwa.

Tuanze na historia, maana asiyejua atokako hajui aendako. Chuo cha mafunzo ya wahudumu wa afya, ambacho leo tunakijua kwa jina la KMTC, kinahesabu umri wake tangu mwaka 1927. Chuo Kikuu cha Nairobi hakikuanza kufunza madaktari hadi mwaka 1967. Kwa muda wa miaka arobaini, basi, Mkenya aliyetaka kuwa daktari alilazimika kuvuka mpaka kwenda Makerere au mbali zaidi, ilhali wasaidizi wa tiba walikuwa wakifunzwa hapa hapa nyumbani. Huwezi kuita kiraka kitu kilichotangulia nguo yenyewe.

Wala sisi si peke yetu tuliofuata njia hii. Nchini Marekani, mwaka 1965, Dakta Eugene Stead wa Chuo Kikuu cha Duke alianzisha mafunzo ya wasaidizi wa madaktari kwa kuwachukua wanaume wanne waliokuwa wametoa huduma za tiba katika jeshi la wanamaji. Sababu yake ilikuwa ile ile tuliyo nayo sisi: madaktari walikuwa wachache, na watu walikuwa wengi. Leo kada hiyo imeenea katika taifa hilo tajiri kuliko yote. Ikiwa Marekani yenye mali haijaweza kumweka daktari mbele ya kila mgonjwa, seuze sisi?

Tofauti ni moja, nayo ni kubwa. Msaidizi wa Marekani aliundwa afanye kazi na daktari aliye karibu naye. Tabibu wetu aliundwa afanye kazi penye upungufu wa madaktari. Tofauti hiyo ndiyo kiini cha makala haya, nami nitairudia.

Sasa tutazame mabadiliko yenyewe. Katiba ya mwaka 2010, katika kifungu cha 43, ilimpa kila mtu haki ya kupata kiwango cha juu kabisa cha afya kinachoweza kufikiwa. Mwaka 2013 huduma nyingi za afya zikapelekwa katika kaunti 47. Mwaka huo huo, kuanzia Juni, ada katika zahanati na vituo vya afya vya umma zikafutwa. Mnamo Oktoba 2023 zikatiwa saini sheria mpya za afya, mojawapo ikiwa ya huduma za afya ya msingi, na nyingine ikiwa ya bima ya afya ya jamii. Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA, ikaanza kazi tarehe 1 Oktoba 2024 mahali pa ile hazina ya zamani ya NHIF. Kabla ya hapo, Septemba 2023, serikali ilikuwa imezindua kikosi cha wahamasishaji wa afya wapatao 100,000 wa kuzunguka nyumba kwa nyumba, kuwatambua wagonjwa na kuwahimiza waende kutibiwa.

Waende wapi? Hapo ndipo hesabu yote inapoishia. Mageuzi haya, kwa jumla yake, yanamwambia raia: anzia chini, karibu na kwako, kabla ya kukimbilia hospitali kuu. Ni mwelekeo mzuri, nami nauunga mkono. Lakini huko chini yuko nani? Katika zahanati nyingi yuko muuguzi. Katika kituo cha afya, na katika vyumba vya wagonjwa wa nje vya hospitali ya kaunti ndogo, yuko tabibu. Ndiye anayetenganisha homa ya malaria na homa ya mapafu, anayewaanzishia tiba wagonjwa wa kifua kikuu, anayeandika dawa za kupunguza makali ya virusi vya UKIMWI, na anayeamua ni nani arudi nyumbani na ni nani apakiwe kwenye ambulensi. Matabibu waliojiendeleza kwa stashahada ya juu huondoa mtoto wa jicho, hutoa nusukaputi, na hutibu mifupa, watoto, masikio na ngozi.

Tumewalipaje? Mwaka 2020 waliajiriwa wahudumu wa afya kwa mkataba chini ya mpango wa afya kwa wote, matabibu wakiwa miongoni mwao. Mwaka 2025 wahudumu wa kundi hilo walikuwa wangali wakiandamana jijini Nairobi wakidai ajira ya kudumu. Tarehe 1 Aprili 2024 matabibu wa umma waliingia katika mgomo uliodumu hadi Julai. Mgomo wa madaktari, ulioanza Machi mwaka huo na kumalizika Mei, ulijadiliwa asubuhi na jioni. Ule wa matabibu uliendelea miezi miwili baada yake kama kilio cha jirani wa mbali. Kisha, mwanzoni mwa mwaka 2025, ukazuka mzozo mwingine: matabibu walilalamika kwamba vituo wanavyoviendesha vilikuwa vikibaguliwa katika mikataba ya bima mpya, na kwamba mfumo huo haukuwatambua katika kuidhinisha baadhi ya huduma ambazo wamekuwa wakizitoa.

Msomaji huenda akauona huo kuwa ugomvi wa wakubwa juu ya fedha na vyeo. La hasha. Mama aliyetembea kilomita kumi na tano hadi kituo pekee kilicho karibu naye, akaambiwa kwamba saini ya aliyemtibu haitoshi kwa bima yake, hana kituo cha pili cha kukimbilia. Kamba hukatikia pembamba.

Wahenga walitukanya tusiwatukane wakunga na uzazi ungalipo. Tukitaka kujua walichomaanisha, tuangalie jinsi tunavyowahitaji watu hawa usiku na kuwadharau mchana.

Hata hivyo, haki ina pande mbili, nami sitaki kuficha hoja za wanaopinga. Madaktari wengi wanasema, kwa nia njema, kwamba stashahada ya miaka mitatu na mwaka mmoja wa mazoezi haiwezi kulinganishwa na miaka sita ya udaktari na ya mazoezi inayofuata. Wanasema kwamba tabibu akiachiwa kila kitu, makosa yatatokea, na maiti hawasemi. Wanaongeza kwamba serikali hupenda kuajiri watu wa mshahara mdogo na kuita jambo hilo mageuzi. Hoja hii ya mwisho naikubali mia kwa mia. Tabibu asiwe kisingizio cha kutoajiri madaktari, hasa wakati ambapo madaktari waliohitimu wamo mitaani wakitafuta kazi.

Lakini kuhusu uwezo, tusibishane kwa hisia. Msumbiji ilianza mwaka 1984 kuwafunza wahudumu wasio madaktari kufanya upasuaji, na nchini Malawi matabibu ndio wanaofanya sehemu kubwa ya upasuaji wa kujifungua. Mwaka 2011 jarida la kitabibu la Uingereza, BMJ, lilichapisha uchambuzi wa tafiti sita zilizohusu wanawake 16,018 waliofanyiwa upasuaji huo na matabibu au na madaktari. Vifo vya akina mama na vya watoto wachanga havikuonyesha tofauti ya maana. Vidonda kuoza na kufumuka, hata hivyo, vilitokea zaidi kwa waliopasuliwa na matabibu.

Matokeo hayo yasomwe yote mawili kwa pamoja. La kwanza linatuambia kwamba tabibu aliyefunzwa kazi fulani anaweza kuifanya na kuokoa maisha. La pili linatuambia kwamba ujuzi huo unahitaji kunolewa na kusimamiwa. Anayesoma la kwanza tu anatafuta njia ya mkato. Anayesoma la pili tu angefunga chumba cha upasuaji na kumwacha mama afe mlangoni akimngoja daktari asiyekuwapo.

Niliishi miaka mingi katika nyumba za walimu za shule ya bweni, mbali na mji, na hapo niliona kwa macho yangu utabibu ni nini. Usiku mmoja mwanafunzi wa kidato cha pili alishikwa na homa kali na kichwa kikamwuma hata akalia. Sisi walimu tulidhani ni malaria, maana kila homa kwetu ilikuwa malaria. Tulimpeleka katika kituo cha afya, na tabibu wa zamu, kijana ambaye huenda alikuwa hajatimiza miaka thelathini, alimtaka ainamishe kichwa hadi kidevu kiguse kifua. Mtoto hakuweza, shingo ilikuwa imekakamaa kama ubao. Yule kijana hakungoja. Alisema huenda ni homa ya uti wa mgongo, akamdunga sindano ya kwanza hapo hapo, akaandika barua, akatuambia: "Hapa si mahali pake tena. Mpelekeni hospitali kubwa sasa hivi." Ambulensi ilikuwepo, mafuta hayakuwepo. Tulitumia gari la shule. Mtoto alipona, akarudi darasani muhula uliofuata.

Nimelitafakari tukio hilo mara nyingi. Ustadi wa yule tabibu haukuwa katika sindano peke yake. Ulikuwa pia katika yale maneno, "Hapa si mahali pake tena." Alijua mpaka wa uwezo wake na wa kituo chake, na aliufikia bila kuuvuka. Lakini upande wa pili wa mpaka huo hapakuwa na mtu wa kumpokea mgonjwa: hapakuwa na daktari wa kumpigia simu, wala gari lenye mafuta. Laiti shule yetu ingekuwa haina gari, ustadi wake wote ungalikuwa bure.

Hapo narudia ile tofauti niliyoitaja. Nchini Uingereza, Julai 2025, ilitolewa ripoti ya Profesa Gillian Leng juu ya wasaidizi wa madaktari wa huko. Ilipendekeza kwamba warejeshewe jina linaloonyesha wazi kuwa ni wasaidizi, na kwamba kwa kawaida wasiwe wa kwanza kumwona mgonjwa ambaye ugonjwa wake haujatambuliwa. Nimewasikia watu hapa kwetu wakitaka tuige. Tuige nini? Kule daktari yumo katika chumba cha pili. Hapa, tukimkataza tabibu kumwona mgonjwa wa kwanza, tutakuwa tumefunga vituo vya afya nusu ya nchi. Katika ripoti hiyo liko jambo moja la kujifunza, nalo ni kwamba mgonjwa ana haki ya kujua anayemtibu ni nani. Hayo mengine yaliandikwa kwa nyumba nyingine yenye vyumba vingine.

Tufanye nini basi? Mimi si mganga wala mwanasheria, lakini nimewalea vijana na kuzisikiliza pande zote. Nina mapendekezo matano.

Kwanza, mipaka ya kazi iandikwe ieleweke. Tunayo sheria ya matabibu ya mwaka 2017, iliyochukua mahali pa ile ya mwaka 1988. Baraza la matabibu na baraza la madaktari wakae meza moja, waandike mwongozo mmoja unaosema mwenye stashahada afanye nini, mwenye stashahada ya juu afanye nini, na mwenye shahada afanye nini. Kisha bima ya taifa ifuate mwongozo huo huo. Haifai mtu aruhusiwe na sheria moja kutibu, halafu akataliwe na mfumo mwingine wa serikali hiyo hiyo kulipwa kwa tiba aliyoitoa.

Pili, kila kituo cha afya kifungwe kwa kamba na hospitali yake. Awepo daktari anayejulikana kwa jina, wa kupigiwa simu saa yoyote na tabibu aliyekwama, na ambaye kila mwezi atafika kituoni kuwaona wagonjwa wagumu pamoja naye. Usimamizi wa namna hiyo si dharau, bali ni shule isiyokwisha. Na ambulensi iwe na mafuta. Naona haya kuandika sentensi hiyo katika makala ya sera, lakini ndiyo inayookoa watu.

Tatu, iwepo ngazi ya kupanda. Tabibu anayejilipia karo ya stashahada ya juu, akarudi kaunti yake na kukuta mshahara ule ule na chumba kile kile, amefunzwa kukata tamaa. Baadhi ya vyuo vikuu vyetu, kikiwemo Egerton, vinatoa shahada ya utabibu. Wenye shahada hiyo watengewe nafasi zinazolingana nayo. Na anayetaka kuendelea hadi udaktari ahesabiwe masomo yake ya awali badala ya kurudishwa mwanzo kama kwamba hajapata kumgusa mgonjwa.

Nne, jina na cheo vivaliwe kifuani. Tabibu hana sababu ya kujificha nyuma ya neno "daktari," wala mgonjwa hana sababu ya kufichwa. Tena hiyo ndiyo silaha bora dhidi ya matapeli wanaofungua kliniki za uchochoroni bila leseni, maana laghai hustawi mahali ambapo hakuna anayeuliza jina.

Tano, waajiriwe kwa masharti ya kudumu, na wawe na njia ya kuhama kutoka kaunti moja hadi nyingine bila kupoteza miaka ya utumishi. Mtu asiyejua kama mkataba wake utahuishwa Juni ijayo hawezi kuwajua wagonjwa wake kwa majina, naye tabibu mzuri huwajua.

Kwenu walimu wenzangu nina neno la pekee. Nimewahi kuketi katika vikao vya kuwashauri wanafunzi wa kidato cha nne, nikasikia ikisemwa kwamba mtoto aliyekosa alama za udaktari "ajaribu hata utabibu." Hilo neno "hata" lina sumu. Sisi tunajua uchungu wake. Mwalimu wa shule ya msingi mwenye cheti cha P1 ndiye aliyewafundisha kusoma maprofesa wote wa nchi hii, na bado alikuwapo mtu wa kumwita mwalimu wa kujaribia. Tulikasirika, na tulikuwa na haki ya kukasirika. Hakuna aliyedhani kwamba mwalimu huyo ni kiraka cha mhadhiri wa chuo kikuu. Kazi yake ilikuwa yake, mahali pake palikuwa pake, na mtoto wa darasa la kwanza hakumhitaji profesa, alimhitaji yeye. Tabibu naye ni hivyo hivyo.

Nanyi wanafunzi mnaojaza fomu za vyuo, msiende kusomea utabibu kama watu waliofungiwa mlango wa mbele wakaingilia dirishani. Nendeni kama watu wanaojua kwamba huenda siku moja, usiku wa manane, katika kituo chenye taa moja, mtakuwa ninyi peke yenu mbele ya mtoto wa mtu. Siku hiyo hakuna atakayeuliza alama zenu za mtihani wa KCSE. Ataulizwa mtoto kama anaweza kuinamisha shingo, na mtatakiwa kujua jibu lake lina maana gani.

Serikali, kwa upande wake, imeshachagua. Ilipotunga sheria za kumpeleka mgonjwa kwanza katika kituo cha karibu, ilichagua tabibu awe mlango wa nyumba yote ya afya. Mwenye nyumba hawi na akili timamu akitengeneza sebule na kuacha mlango unaning'inia kwa bawaba moja. Mnyonge mnyongeni, lakini haki yake mpeni: mafunzo, mipaka iliyo wazi, mkubwa wa kumwuliza, na mshahara unaofika. Akivipata hivyo, tutakuwa na haki ya kumdai kazi njema. Asipovipata, tutaendelea kumlaumu kwa vifo ambavyo tuliviandaa wenyewe.